Kuvuta makasia baharini Wales: mwongozo kamili, kuanzia jaribio la kwanza hadi mbio

Siku yangu ya kwanza nilikwenda na jinzi. Nimekulia Tanga, mjomba wangu alikuwa na ngalawa, na nilijua, au nilijidai kujua, bahari ni kitu gani. Mzee mmoja aliyekuwa akifungua kamba za mashua ufukoni alinitazama miguuni, akaniuliza kama nina suruali nyingine. Sikuwa nayo. Akatikisa kichwa, akanionyesha nafasi ya omo, yaani mbele kabisa ya mashua. Saa moja baadaye jinzi ile ilikuwa imekunywa maji hadi kiunoni, baridi imeingia mfupani, nami nimeapa sirudi. Juma lililofuata nilirudi, safari hii na suruali nyepesi ya mazoezi.

Namwandikia Mswahili aliyejikuta Wales kwa kazi, masomo au ndoa, ambaye Jumapili asubuhi huona mashua nyembamba ikipita, watu wanne wanavuta, wa tano kakaa tezi, yaani nyuma, anapaza sauti, akajiuliza: hawa ni kina nani, na mimi naweza? Unaweza. Nimewahi kukaa nyuma ya mama wa miaka 68 akanitoa jasho la kweli. Ila nina rai moja, na sitaiacha hadi mwisho: usianze na mbio. Anza na safari za matembezi, zile za kwenda ghuba ya jirani, kunywa chai na kurudi. Matembezi ndiyo yanayokufundisha maji, na asiyejua maji hashindi mbio hata awe na kifua cha fahali.

Kwanza, chombo chenyewe

Mashua utakayokutana nayo zaidi, hasa kusini na magharibi, inaitwa Celtic longboat. Ni ya faiba, urefu wake futi 24, yaani meta 7 na kitu. Wavutaji wanne hukaa mmoja nyuma ya mwenzake, kila mtu na kasia moja refu, wawili upande huu na wawili upande ule. Wote wanaipa omo mgongo. Anayeona mbele ni mmoja tu, aliyekaa tezi na usukani. Mimi nitamwita nahodha, maana kazi yake si kugeuza chombo peke yake bali kuamuru.

Mabao ya kukalia hayasogei. Ukishaona kwenye televisheni zile mashua za mtoni zenye viti vya kuteleza, sahau. Wala usichanganye na mbio fupi za ufukweni zitakazoingia Olimpiki ya Los Angeles 2028, ambako mtu hukimbia mchangani akarukia mashua. Sisi ni watu wa mwendo mrefu. Utakuta pia klabu zenye St Ayles, mashua yenye asili ya Uskoti inayokuja kwa vipande vya mbao vilivyokatwa tayari ili wanakijiji waiunge wenyewe. Mambo ya msingi ni yale yale.

Hatua ya 1: kuingia klabu

Hapa pepesi. Mbio za mashua hizi huratibiwa na Welsh Sea Rowing Association, na klabu zimetawanyika karibu pwani nzima: Swansea na Mumbles, Pembrokeshire yote, Aberystwyth, Aberdyfi, Porthmadog, hadi Mlangobahari wa Menai huko kaskazini. Waandikie ujumbe mfupi kwamba hujawahi kuvuta na ungependa kujaribu. Kwa kawaida watakuita siku ya jioni ya wageni na hawatakudai ada mpaka umejaribu mara kadhaa.

Watakuuliza mambo mawili: kama unaogelea, na kama una maradhi. Sema kweli. Wengi wetu wa pwani tumekua tukiitazama bahari bila kuijua kuogelea, na si aibu kulisema. Mwenzangu mmoja wa Mombasa aliambiwa aanze na masomo ya bwawani. Miezi mitatu baadaye alikuwa anavuta nafasi ya tatu.

Kama saa zako za kazi hazieleweki, kama zangu za zamu ya usiku katika nyumba ya wazee, ombi la kwanza liwe kuwekwa kwenye orodha ya akiba. Mashua haitoki na watu watatu. Simu ya saa kumi na moja jioni, «una nafasi leo?», ndiyo iliyonifanya nijulikane klabuni kuliko ahadi yoyote.

Hatua ya 2: nguo na mwili

Pamba hapana. Ikilowa hailingani na baridi ya huku. Vaa nguo nyembamba za sufu au za mazoezi, mbili tatu juu ya nyingine, halafu koti jepesi la kuzuia upepo ambalo halibani mabega. Viatu viwe vya kulowa, kwa sababu mashua huingizwa majini kwa mikono na utasimama maji ya magoti. Ushungi ufungwe mfupi na kuchomekwa ndani ya koti. Ncha zinazoning'inia hunaswa na mpini wa kasia. Begi la nguo kavu libaki garini, na ndani yake weka taulo na soksi mbili, si moja.

Nunua mto mdogo wa kukalia. Hakuna atakayekuambia hili mapema, nadhani kwa makusudi, ili wakucheke. Bao halisogei, makalio ndiyo yanayosogea, na baada ya saa moja na nusu utaelewa. Glavu usinunue. Malengelenge yatatoka, yatapasuka, ngozi itakomaa; glavu huchelewesha tu shughuli hiyo na kukunyima hisia ya mpini.

Jaketi la kujiokoa utapewa. Livae vile unavyoonyeshwa, kamba ya chini ikaze. Bahari ya huku mwezi wa pili na wa tatu ni nyuzi 7 hadi 9. Hata mwezi wa nane haipiti sana 16 au 17. Mtu akitumbukia, pumzi humkatika kabla ya kitu kingine chochote, anahema bila hiari na kumeza maji. Waokoaji wa RNLI, chama kilichoanzishwa 1824 na ambacho boti zake utaziona karibu kila bandari, hufundisha jambo rahisi: usipigane na maji, lala chali uelee hadi pumzi irudi, kisha ndiyo ufikirie kuogelea.

Hatua ya 3: mpigo

Waliozoea kafi hupata taabu kidogo. Kwenye ngalawa unatazama uendako na mikono ndiyo inayofanya kazi. Hapa unatazama utokako, na mikono ni kamba tu inayounganisha kasia na mgongo.

Anza umeinama mbele kutoka nyongani, mikono imenyooka, viganja mbele ya vidole vya miguu. Acha bapa la kasia lidondoke majini. Usilisukume, uzito wake unatosha. Sasa sukuma kibao cha miguu na uegemee nyuma, mikono ingali imenyooka. Mwishoni kabisa ndipo unapovuta mpini hadi chini ya mbavu. Shusha mikono, bapa linatoka majini, rudisha mikono mbele kwanza, mwili ufuate. Kurudi mbele kuwe polepole kuliko kuvuta. Wageni wote hukosea hapo: hurudi mbio kama wanafukuzwa, wakifika wanamsubiri mwenzao, na mashua inadunda kama gari la gea mbovu.

Kasia lako likizama kupita kiasi, maji hulikamata, mpini ukakusukuma kifuani na pengine kukulaza chali. Wenyeji husema «umeshika kaa». Mara ya kwanza nilipoambiwa hivyo niligeuka kweli nikatazama majini. Ikikutokea, usishindane nalo. Liachie mpini upite juu ya kichwa, mwambie nahodha, lirudishe kwenye kilete, kile kishikio chake ubavuni mwa mashua, endelea.

Mvutaji aliye karibu na nahodha ndiye mwenye mdundo; wote humfuata. Mgeni hukalishwa katikati au omo, ambapo ana mgongo wa kufuata mbele yake. Tazama mabega ya mtu huyo. Usitazame kasia lako. Narudia: usitazame kasia lako. Ukilitazama mwili unapinda, mashua inalalia upande mmoja, na mwenzako wa upande wa pili anapiga hewa.

Amri zitatolewa kwa Kiingereza, huko kaskazini-magharibi pengine na Kiwelshi kikichanganywa. Tatu zijue usiku kabla ya kwenda: «easy» ni acha kuvuta, inua kasia, «hold water» ni zamisha bapa ulikaze, chombo kisimame, «back down» ni vuta kinyume. Amri ikitoka, tenda kwanza. Maswali ni ufukweni.

Hatua ya 4: maji

Hapa ndipo Mswahili anapoponzwa na kujiamini kwake. Majina yote tunayo: kujaa, kupwa, bamvua ya maji makubwa, maji mafu ya maji madogo. Ila vipimo ni vingine kabisa. Kwetu Tanga bamvua kubwa ni tofauti ya meta 3 hadi 4 kati ya kujaa na kupwa. Swansea siku ya bamvua ni kama meta 8 na nusu, na ukizidi kuingia ndani ya Mlango wa Bristol inapita 12, miongoni mwa tofauti kubwa kuliko zote duniani. Mlango huo umekaa kama mrija mpana mdomoni na mwembamba ndani, maji yakisukumwa humo hayana pa kwenda ila juu. Aberystwyth, iliyo nje ya mrija huo, tofauti ni meta 4 na kitu. Hapo utajisikia nyumbani kidogo.

Jifunze kugawa kwa kumi na mbili. Maji hupanda kwa muda wa saa sita hivi. Saa ya kwanza hupanda sehemu moja kati ya kumi na mbili, ya pili sehemu mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Chukua tofauti ya meta 8.4: saa ya kwanza ni sentimeta 70 tu, ya pili meta 1.4, lakini saa ya tatu na ya nne ni meta 2.1 kila moja. Yaani nusu ya bahari yote inahama ndani ya saa mbili za katikati. Hapo ndipo mkondo ulipo. Mashua yetu kwa mwendo wa kawaida hukata maili 4 za baharini kwa saa, tukijitahidi 5. Mkondo wa maili 3 ukiwa usoni, unavuta kufa kupona na nyumba za ufukweni hazisogei.

Kuna mahali hata si pa kujaribu bila wenyeji. Pwll Ceris, kati ya madaraja mawili ya Menai, mkondo wa bamvua hufikia maili 8 kwa saa na kuzunguka kwenye miamba. Jack Sound, mlango mwembamba ulio kati ya bara na visiwa vya upande wa Skomer, na Ramsey Sound karibu na St Davids, vina tabia hiyo hiyo. Klabu hupita humo, lakini hupita kwa saa iliyochaguliwa, maji yakiwa yamesimama.

Kisha saa. Jedwali la maji mara nyingi huchapishwa kwa saa za GMT, na kiangazi saa za Uingereza ziko mbele kwa saa moja. Usipoongeza hiyo moja umepotea. Kwetu sisi kuna mtego mwingine: akili inasoma 14:05 na kusema saa nane na dakika tano, halafu mdomo unamwambia Mwelshi «eight». Nimefanya hivyo. Tangu hapo kila kitu cha baharini nakiandika kwa tarakimu za saa 24 na sizungumzi mpaka nimesoma.

Upepo nao si wa kusi na kaskazi, wenye miezi yake na adabu zake. Kwa kawaida hutoka kusini-magharibi, ila unaweza kubadilika mara tatu kabla ya adhuhuri. Sikiliza utabiri wa bahari ya karibu wa Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza; kituo cha kugawia ni rasi ya St David's Head, kusini yake eneo moja na kaskazini jingine. Usiangalie nguvu tu, angalia mwelekeo dhidi ya mkondo. Upepo ule ule, mkondo ukienda nao, bahari ni laini. Mkondo ukigeuka kuupinga, baada ya nusu saa mawimbi yanasimama wima na kuingia ndani. Na upepo unaovuma kutoka bara ndio mnafiki mkubwa: ufukoni maji yametulia kama ya kisimani, kumbe meta mia tano nje ndiko kwenye kazi, na kurudi ni kuupanda.

Hatua ya 5: safari ya matembezi

Ukishavuta mara sita au saba, jiandikishe safari ya siku nzima. Nitakupa mifano miwili ninayoijua.

Ya kwanza ni kuzunguka kisiwa cha Caldey ukitokea Tenby, mji ambao jina lake la Kiwelshi, Dinbych-y-pysgod, maana yake ni ngome ndogo ya samaki. Kisiwani kuna monasteri ya Wasistersia, na bidhaa zao za manukato na chokoleti huuzwa papo hapo. Ukitaka kushuka, klabu iombe ruhusa mapema. Jumapili hakuna wageni. Upande wa nyuma wa kisiwa kuna sili wanaojianika miambani. Mwezi wa tisa wana watoto, kaeni mbali na msipige kelele. Mama akishtuka hukimbilia majini akamwacha mtoto. Pomboo wa Ghuba ya Cardigan pia heshima ni hiyo hiyo: msiwafuate, shikilieni mwendo mmoja, wakitaka watakuja wenyewe.

Ya pili ni kupanda mto hadi Cresswell Quay, kwenye mikono ya ndani ya mto Cleddau. Maji yakijaa unafika hadi ukingoni mwa baa ya zamani. Yakipwa kuna matope matupu na ndege. Katika eneo la Milford Haven bamvua hujaa asubuhi na jioni, mchana ni kupwa, kwa hiyo safari nzuri ya huko ni jioni ya kiangazi siku moja mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo.

Tulikwenda mwezi wa sita. Maji yalijaa 19:40. Mpango ulikuwa tufike 19:15, tuondoke 20:15. Watu wakaagiza bia, mimi soda, akaja mtu na gitaa, mtu akaanza kuimba, na Mwelshi akianza kuimba hakuna anayetazama saa. Tuliondoka 21:40, saa mbili kamili baada ya kujaa. Fanya hesabu ya kumi na mbili uone tulikuwa tunaingia saa gani. Kona ya pili mkuku uligusa. Si kishindo, ni mnong'ono tu wa tope chini ya miguu, halafu mashua ikakaa. Nahodha alisema, kwa sauti ya chini kabisa, «nobody get out». Tope la huku humeza mtu hadi kiuno. Tulisimamisha makasia mawili nyuma, tukayaegemea sote kwa mpigo mmoja, tukatingisha, tukaegemea tena. Dakika ishirini. Kila tulipopumzika niliona ukingo wa maji umeshuka kidole kimoja kwenye jiwe lile lile. Ilipoachia, hakuna aliyeshangilia. Tulivuta kimya hadi kwenye maji marefu, jua limeshazama, na taa moja ya mkononi.

Kosa halikuwa la nahodha peke yake. Wote tulijua saa. Kwa hiyo orodha yangu ya matembezi ni fupi: saa ya kuondoka iandikwe kabla ya saa ya kufika, mtu mmoja asiyekunywa ashike saa hiyo na asionewe haya, mtu wa nchi kavu ajue mmekwenda wapi na mrudi lini, na kama hamjarudi apige 999 aombe walinzi wa pwani. Chomboni kuwe na redio ya baharini, chaneli 16, simu kwenye mfuko usiopitisha maji, kata ya kutolea maji, kamba ya kuvutwa, nanga ndogo, na maji ya kunywa zaidi ya mnavyodhani. Kama ni mfungo na umefunga, mwambie nahodha. Mimi mwezi wa Ramadhani hushika usukani, sivuti.

Hatua ya 6: mbio za kwanza

Msimu wa mbio ni kiangazi, Jumamosi hii bandari hii, Jumamosi ijayo nyingine, na pointi zinajumlishwa. Kuna makundi ya wanaume, wanawake, mchanganyiko, wenye umri mkubwa, vijana na wageni. Usione haya kuingia la wageni. Watu huvuta tela kilomita mia ili washindane nawe.

Kula saa mbili na nusu kabla, chakula kikavu: ugali wa jana, mkate, ndizi. Si supu. Mtakapofika, nendeni wote mkaione njia kwa macho hata kama ni kutoka juu ya ukuta wa bandari. Kisha nahodha wenu ataitwa kwenye mkutano wa manahodha. Atarudi na majibu ya maswali haya: maboya mangapi, yaachwe upande gani, mstari wa kuanzia uko kati ya nini na nini, na ishara ya kuahirisha ni ipi. Akirudi bila hayo, arudishwe.

Kwenye mstari ndipo moyo unapodunda. Mashua zetu siku ile zilikuwa kumi na moja, upepo unatusukuma mbele ya mstari, kila nahodha anaamuru «back down» kwa sauti yake, na makasia yanakaribia kugongana. Usisikilize nahodha wa jirani. Inashangaza jinsi sikio linavyodanganyika. Inama nusu tu, si kabisa, bapa likiwa limezama tayari. Ishara ikitoka, mipigo mitatu mifupi ya kuinyanyua mashua kutoka pale ilipokaa, kisha refusha, refusha, refusha. Dakika ya kwanza utaona kila mtu anakupita. Waache. Nusu yao watakuwa wamekata pumzi boya la kwanza.

Boya ndipo mbio zinapopotea. Nahodha asielekee boya lenyewe bali mahali ambapo mkondo utamleta boyani. Mkondo ukikusukuma juu ya boya, umekwisha. Wakati wa kugeuka, upande wa nje wanavuta kwa nguvu zote, upande wa ndani wanavuta kidogo au wanakaza bapa. Anayepita mwenzake ndiye mwenye wajibu wa kukaa mbali, na mtu akidai nafasi ya ndani, makasia yanagongana. Yetu yaligongana. Mashua moja ilijipenyeza kati yetu na boya, kasia langu likapanda juu ya lao, nikatukana kwa Kidigo, na nahodha wao akaniomba radhi kwa heshima kamili kana kwamba ameelewa. Chomoeni makasia, tenganeni, endeleeni. Malalamiko hupelekwa ufukoni, na mara nyingi huyeyuka kwenye chai.

Kurudi tulikuwa na upepo usoni. Hapo nilielewa kwa nini nahodha alitung'ang'aniza mwezi mzima wa matembezi. Wakati wenzetu wamebaki katikati ya ghuba, yeye alitupeleka kando, karibu na miamba, ambako mkondo hupungua na wakati mwingine hurudi nyuma. Njia ndefu zaidi, maji mepesi zaidi. Tulizipita mashua tatu bila kuongeza mpigo. Tukamaliza wa nane. Usiache kuvuta ukisikia honi. Inaweza kuwa ya jirani yako. Acha nahodha atakaposema.

Hatua ya 7: zile kubwa

Baada ya mwaka mmoja au miwili utasikia majina mawili. Great River Race hufanyika London, mtoni Thames, tangu 1988: maili 21.6 kutoka Millwall hadi Ham, mamia ya vyombo vya makasia vya kila aina, wazito na wapole wakitangulia kuanza ili wote wafike wakifukuzana. Kila chombo hubeba abiria mmoja asiyevuta. Mwombe nahodha nafasi hiyo mwaka wako wa kwanza. Utapita chini ya Tower Bridge bila lengelenge hata moja.

La pili ni Celtic Challenge, kutoka Arklow nchini Ireland hadi Aberystwyth, kilomita 145 hivi za bahari wazi, kila baada ya miaka miwili. Timu ni ya wavutaji 12, wanne wanavuta, wengine wamelala au wanatapika kwenye chombo cha kusindikiza, na wanabadilishana kwa boti ndogo katikati ya mawimbi, usiku ukiwemo. Hali ya hewa ikikataa, haiendi. Mimi sijakwenda. Nimesimama tu ufukweni Aberystwyth alfajiri, nikawaona wakishuka mashuani wakiwa hawawezi kufungua vidole, viganja vimebaki katika umbo la mpini.

Baada ya kutua

Mbio haziishi mpaka mashua imeoshwa kwa maji baridi ya bomba, vilete vimepakwa mafuta, kasia zimehesabiwa na tela limefungwa. Asiyebaki kuosha hukumbukwa. Halafu utasikia neno «paned?», yaani kikombe cha chai, na jibu ni ndiyo hata kama huna kiu. Kutakuwa na vikeki vya Kiwelshi vya zabibu kavu vilivyokaangwa juu ya chuma, na nyama choma ambayo si ya halali, kwa hiyo beba yako. Watakupa kona ya jiko bila maneno. Mimi hupeleka maandazi ya iliki. Mara ya kwanza nilipeleka ishirini, na yaliisha kabla mashua haijakauka. Siku hizi nakanda kilo mbili za unga.